Kwa Nini Akina Zamarra Hawafanani

Nyinyi wakwe zetu, nimewaona tangu mlipokanyaga baraza hili. Mnatutazama usoni mmoja mmoja, huyu mweusi tititi, yule mwekundu kama udongo wa Muheza, huyu pua hivi, yule masikio vile, halafu mnatazamana. Mnajiuliza hawa ni ndugu wa namna gani. Ulizeni tu, jamani. Swali zuri halina haya, na mimi Perpetua nimekaa ukoo huu tangu nilipoolewa nikiwa na meno yote, jibu ninalo.

Tena mmenikuta na moto wa kusema. Wiki mbili zilizopita huyu bibi harusi wenu, Felista, mjukuu wangu, alikuja hapa uso umemvimba kwa kulia. Alikuwa amepeleka mate yake ng'ambo kwenye kichupa, ule mtindo wao wa siku hizi wa kupima asili ya mtu. Kwenye mtandao alikuwa amepata akina Zamarra wa Meksiko, wa Manila, na wa Hispania kwenyewe lilikotoka jina, nao wamepima. Majibu yakaja. Hana hata tone moja la undugu nao. Na wao kwa wao vilevile, wa Meksiko si damu ya wa Manila, wa Manila si damu ya wa Hispania. Felista akasema jina hili ni uongo, na Jumapili padri akisoma matangazo ya ndoa, asimsome kama Zamarra.

Basi nikapiga kigelegele. Watu waliacha kumenya machungwa wakanitolea macho, wakadhani bibi kashikwa na kitu. Sikushikwa na kitu! Kipimo cha wazungu, na mitambo yao yote ile, kimekwenda kikathibitisha hadithi niliyopewa na baba mkwe wangu, mzee Baltasari, aliyekuja huku kuwa fundi wa mashine za mkonge. Nikamwambia Felista akae chini. Na nyinyi kaeni vizuri, mchele bado uko motoni.

Zilikuwapo siku, huko milima ya Hispania, ambapo mtu alikuwa na jina moja na likamtosha tangu ubatizo mpaka kaburini. Toda alikuwa Toda. Fortuni alikuwa Fortuni. Wakitokea akina Fortuni wawili, mmoja aliitwa Fortuni mwenye kengeza, maisha yakaendelea. Hakuna aliyeuliza ukoo wako upi, kwa sababu kila aliyeishi katika bonde lile alizaliwa mle, na asiyezaliwa mle hakuulizwa kitu. Alionyeshwa njia tu.

Watu wa bonde hilo waliishi kwa kondoo. Kiangazi kondoo walikaa juu kwenye malisho ya mlimani, na baridi ilipokaribia waliteremshwa safari ndefu mpaka nchi ya kusini yenye joto. Siku ya Mtakatifu Mikaeli makundi yote yalikusanywa darajani. Mnadi alisimama juu ya jiwe akaita nyumba moja moja, na nyumba iliyoitwa ikapitisha kondoo wake. Nyumba isiyoitwa ilikuwa imekwisha. Haikuwa na mahali pa kulisha mwaka unaofuata. Na sheria yao ilikuwa kwamba nyumba isiyo na mtoto haiitwi.

Huyo Toda alikuwa mjane. Mumewe alianguka gengeni akitafuta kondoo, akamwachia mtoto mmoja wa kiume, Vela. Toda alimshonea mwanawe koti la ngozi ya kondoo lisilo na mikono, manyoya ndani, la kuvaliwa na wachungaji. Koti hilo kwa lugha yao ni zamarra. Kila nyumba ilikuwa na zamarra zake, zilizopakwa mafuta ya nyumba hiyo na kufukizwa moshi wa jiko lake, hata mbwa walizijua kwa harufu. Vela alilivaa baridi moja tu. Majira ya kuchipua homa ikamchukua, na Toda akamzika bila koti, maana mkono ulikataa kulitia kaburini.

Tangu hapo Fortuni, shemeji yake, akawa mwema kupita kiasi. Alimletea jibini. Alimletea kuni. Na kila alipoleta alisimama mlangoni akayatazama malisho ya Toda kule juu, kama mtu anayetazama nguo dukani. Toda hakuwa mjinga. Alijua siku ya Mikaeli nyumba yake haitaitwa, na malisho yatarudi kwa ndugu wa mume. Lakini mtu aliyezika mwanawe hana nguvu za kugombania majani.

Sasa wakati uleule makundi yalikuwa yanarudi kutoka kusini. Nyuma ya kondoo alikuwa akitembea mwanamke mgeni, mweusi kiasi, wa watu ambao wazee wao walivuka bahari kutoka huku Afrika. Alikuwa akifuata kundi kwa ajili ya mkate, na mtoto wake wa kike mgongoni. Kwenye njia ya juu theluji iliyochelewa ikawakuta, mwanamke akafa. Wachungaji wakamzika chini ya mawe, wakampandisha mtoto punda, wakamwacha darajani. Walisema bondeni kuna watu, atapata mtu.

Bondeni watu walikuwapo, ila kila mmoja alikuwa na udhuru wake. Huyu wake ni wengi. Yule mkewe mgonjwa. Mwingine alisema mtoto asiye na harufu ya nyumba huleta nuksi. Mtoto akakaa darajani anatetemeka, na watu wakawa wanapita upande wa pili wa njia.

Asubuhi hiyo Toda alikuwa zizini. Kondoo wake mmoja alikuwa amezaa mtoto mfu, na palikuwa na mwanakondoo mwingine aliyefiwa na mama. Mnajua wachungaji hufanyaje? Kondoo hakubali kunyonyesha mtoto wa mwenziwe, atampiga kichwa mpaka amuue. Basi humchuna yule mfu, wakamvika ngozi yake yule yatima kama shati. Mama humnusa, akasikia harufu ya mwanawe, akasimama akatulia anyonywe. Baada ya siku mbili tatu ngozi huvuliwa. Kwa wakati huo maziwa yake yameshapita mwilini mwa mtoto, na mama akinusa anajinusa mwenyewe. Ngozi haina kazi tena.

Toda alimaliza kazi hiyo, akatoka zizini mikono bado ina damu, akamwona mtoto darajani. Hakufikiri. Mzee Baltasari alikuwa anapapenda sana hapa, alikuwa akigonga meza. Hakufikiri! Aliingia ndani, akatoa zamarra ya Vela, akaenda akamvika yule mtoto, akamfunga kamba zake kifuani. Akainama akalinusa koti, akalia kwa mara ya kwanza tangu mazishi, akampeleka nyumbani.

Mpaka hapo mnampenda Toda, sivyo? Hata mimi nampenda. Lakini ngojeni kosa lake, maana ni kosa ambalo mchungaji hangelifanya kwa kondoo. Alilifanya kwa mtu.

Hakulivua lile koti. Alimwita mtoto Vela. Alimkata nywele kama Vela, akampa fimbo ya Vela, akamlaza upande wa Vela. Kila mchungaji anajua ngozi ikiachwa juu ya mwanakondoo itaoza na kumtia funza, na Toda alilijua hilo kuliko wote. Kiangazi kikaja na jua lake, watu wanatembea vifua wazi, na mtoto wa watu yumo ndani ya manyoya, jasho linamtiririka. Shingo ikachubuka, ikatoka vidonda. Na hakutamka neno. Majirani wakasema ni bubu.

Tusimwonee, alikuwa na hofu nyingine pia. Nyumbani kwake palikuwa na mbwa jike wa kundi, Leona, mkubwa kama ndama, mwenye kola ya miiba ya chuma ya kupigana na mbwamwitu. Leona hakuvumilia mgeni. Alishawahi kumrarua mtu mzima mkono. Toda aliamini kabisa kwamba koti la Vela ndilo linalomzuia mbwa asimtafune mtoto. Kwa hiyo kila alipoviona vidonda na kutaka kulifungua, alimtazama Leona, akakaza kamba.

Siku ya Mikaeli ikafika. Bonde zima likashuka darajani, kondoo wanalia, vumbi tupu. Toda naye akaja na kundi lake, mtoto pembeni ndani ya zamarra, Leona nyuma yao bila kamba. Mnadi akapanda jiweni. Kabla hajafungua kinywa, Fortuni akasogea mbele. Hakupiga kelele. Watu wa namna ile hawapigi kelele wakiwa na sheria mkononi.

"Hilo ni koti la mtoto wa marehemu ndugu yangu," alisema. "Mvue, shemeji. Tuone kilichomo ndani."

Wazee wakashauriana. Wakaona maneno ya Fortuni yana haki kwa desturi yao. Koti livuliwe. Mbwa wa nyumba hajui kupendelea, akimkubali mtoto bila koti, basi ni mtoto wa nyumba na nyumba itaitwa. Akimkataa, mtoto arudi kusini nyuma ya kondoo kama alivyokuja, na malisho yaende kwa Fortuni.

Toda akamkumbatia mtoto akakataa. Aliwaambia nyumba isiitwe, malisho wachukue, kondoo wachukue, lakini mtoto wake hamweki mbele ya yule mbwa. Ndivyo alivyosema, mtoto wangu, na mzee Baltasari aliniambia hakulitaja jina la Vela hapo. Fortuni akaanza kutabasamu, kwani mambo yalikuwa yamemnyookea bila hata mbwa kuamka.

Kumbe yule bubu alikuwa anasikia kila neno. Kiangazi kizima alikuwa amekaa kimya akijifunza lugha yao. Alijitoa mikononi mwa Toda, akafungua kamba moja, ya pili, ya tatu, akalivua koti, akaliweka chini. Hapo watu waliona mabega membamba ya mtoto wa kike, na vidonda vimezunguka shingo mithili ya mkufu.

Leona akainuka.

Alikuja polepole. Alimnusa miguu, akamnusa viganja, akapanda mpaka shingoni. Toda alikuwa amefumba macho. Alipoyafumbua, mbwa alikuwa anamlamba mtoto vidonda, na alipomaliza alijilaza juu ya miguu yake kwa uzito wake wote, hata mtoto akashindwa kusogea.

Na mshangao ulikuwa wa nini, jamani? Wachungaji watupu pale, na hakuna hata mmoja aliyeliona lililo wazi! Tangu masika mtoto alikuwa anakula mkate wa nyumba ile, anakunywa maziwa yake, analala kwenye moshi wake. Maziwa yalikwisha kupita zamani. Koti lilimaliza kazi yake siku za mwanzo tu, na muda wote uliobaki lilikuwa linamwumiza bure.

Toda akapiga magoti. Alivitazama vile vidonda alivyovisababisha kwa mapenzi. Halafu akauliza swali ambalo hakuwa ameliuliza tangu siku ya kwanza.

"Mwanangu, jina lako nani?"

"Zohra," mtoto akasema.

"Zohra wa nani?"

"Wa Zaida."

Alikuwa anamtaja mama yake, yule aliyelala chini ya mawe. Kwa miezi yote ile alikuwa amelibeba jina hilo mwenyewe ndani ya koti la mtu mwingine, anangoja kuulizwa.

Mnadi alikuwa bado jiweni, kachanganyikiwa, hajui aite nini. Toda akaliokota koti akamwinulia. Alimwambia aite zamarra, kwa kuwa ndiyo iliyomwingiza mtoto nyumbani, halafu amwite na Zaida, kwa kuwa ndiye aliyembeba mpaka hapo. Asiite moja akaacha lingine. Mnadi akavuta pumzi, akaita kwa sauti ya kusikika milimani: Zamarra na Zaida! Kondoo wakapita.

Mnadhani yaliishia hapo? Weee! Nyumba iliyofuata ikasema haipiti na jina moja wakati mjane amepita na mawili. Wakadai lao la nyumba na la mama. Na ya tatu vilevile. Ikafika zamu ya Fortuni, mnadi akamwuliza mama yake alikuwa nani. Fortuni akakohoa. Akatazama mto. Wanawake wazee wakaanza kucheka, mmoja akashika ubavu, maana wao walikumbuka. Mama yake Fortuni aliokotwa akiwa mchanga kwenye daraja lilelile, ndani ya kikapu cha manyoya ya kondoo. Ama kweli, nyani haoni kundule. Ilibidi alitaje jina la mama yake mbele ya wote, na baba mkwe alisema mwisho wake alilitaja vizuri tu, na machozi yakamlengalenga.

Zohra akakua, akairithi nyumba. Ile zamarra aliitundika nyuma ya mlango, na kila mtoto aliyekosa mwenyewe alivikwa. Walikuja watoto wa askari waliosahau walikopita, wa mahujaji kutoka kaskazini, wa Wayahudi waliokimbizwa, wa watu wa mahema. Wote walivikwa siku chache. Kisha walivuliwa, wakaulizwa jina na mama, na baada ya hapo ilikuwa mwiko kuhesabu nani alizaliwa mle na nani alivikwa. Wakaoana na watu, wakatapakaa. Manyoya ya kondoo yalipopelekwa bandarini, akina Zamarra wakaenda nayo. Bandarini wakapanda meli. Wengine Meksiko, wengine Peru, wengine Manila. Koti lilipochakaa walikata vipande wakagawana, na walikofika walishona jipya kwa ngozi ya huko. Na huko nako walikuta watoto wanatetemeka madarajani.

Mpaka Baltasari akafika hapa kwetu na mkonge. Kondoo wa kwetu manyoya yake hayafai, akashona la ngozi ya mbuzi. Joto hili la Muheza, mtoto anavikwa ngozi! Siku nilipoliona mara ya kwanza nilicheka mpaka mama mkwe akanifinya. Lakini nilikuja kulitumia. Mwanamke mmoja wa Kigoma, mkata mkonge, alifia zahanati ya kambi akaacha kichanga cha kiume. Nilikwenda na koti nikarudi na mtoto. Huyo ndiye Damasi, baba yake Felista, Mungu amweke pema. Damasi alijua, na hakuona kama ni habari ya kupiga mbiu. Alikufa Felista angali mdogo, nami sikuhesabu, kwa sababu kwetu hatuhesabu.

Na tangu siku ile ya darajani, akina Zamarra hawafanani, na hakuna kipimo duniani kitakachowafananisha. Wana majina mawili ya ukoo, moja la kuvikwa na moja la mama wa aliyevikwa, na hawaachi hata moja. Wakikutana ugenini hawaulizani baba yako nani. Huulizana: ulivishwa na nani?

Hivyo ndivyo nilivyomwambia Felista. Alikaa kashika chungwa bila kulimenya. Nikamwuliza, haya mjukuu wangu, wewe ulivishwa na nani? Akasema, na wewe bibi, mimi na baba. Kisha akainua kichwa. Tangu azaliwe jina lake kamili ni Felista Zamarra Nyanzobe, limo kwenye cheti cha ubatizo, na siku zote alidhani hilo la mwisho ni utani tu wa baba yake.

"Bibi," akasema, "huyo Nyanzobe alikuwa nani?"

Hapo, wakwe zangu, ndipo nilipopiga kigelegele cha pili. Kesho yake tulikwenda, mimi na yeye, kaburini kwa yule mkata mkonge wa Kigoma, tukang'oa majani. Na Jumapili padri alisoma majina yote.